Somo: Kupanga ramani ya bidhaa na kuamua kipi kitangulie

Wakuu, leo tuliangalie jambo linalokwamisha bidhaa nyingi hata zenye timu nzuri: kila ombi linaingia kwenye mpango, hakuna linalokamilika. Ramani ya bidhaa, yaani mpango wa kipi kitengenezwe na lini, ikishageuka ghala la maombi, haimwelekezi mtu popote.

Hatua ya 1. Andika lengo moja la robo mwaka, lenye namba. "Kuboresha programu" haipimiki. "Kati ya watu 100 wanaoanza kujisajili, wamalize 60 badala ya 40" inapimika, maana mwisho wa robo yeyote anaweza kuhesabu.

Hatua ya 2. Kusanya maombi yote mahali pamoja, kisha kila moja uliandike upya kama tatizo. Hapa msiharakishe. Mteja mmoja aliniomba kitufe cha kupakua ripoti kwa Excel. Nikamuuliza, ukishapakua unafanya nini? "Nanakili namba tatu, nampelekea bosi kila Ijumaa." Tukamtengenezea barua pepe ya Ijumaa yenye namba hizo tatu. Kazi ya wiki tatu ikawa ya siku mbili.

Hatua ya 3. Pima. Natumia RICE, kipimo kilichotoka kampuni ya Intercom: idadi ya watu watakaoguswa, mara athari, mara uhakika wako (1 ni uhakika kamili), gawanya kwa kazi. Athari kubwa mno ni 3, kubwa 2, ya wastani 1, ndogo 0.5, ndogo kabisa 0.25. Kazi huhesabiwa kwa miezi ya mtu mmoja.

Kurahisisha usajili: 2,000 × 2 × 0.8 ÷ 2 = 1,600
Skrini nyeusi ya usiku: 5,000 × 0.25 × 0.5 ÷ 1 = 625

Skrini ya usiku inagusa watu wengi zaidi, kazi yake ni nusu, na ndiyo inayopigiwa kelele. Bado imeachwa mbali. Kwenye uhakika ndipo tunapojidanganya sana: kama hujaongea na mtumiaji hata mmoja, uhakika wako usivuke 0.5.

Hatua ya 4. Panga safu tatu: sasa, kinachofuata, baadaye. Tarehe ziwe kwenye "sasa" tu.

Hatua ya 5. Andika pia mliyoyaacha, na sababu, mahali ambapo timu ya mauzo nayo inaona.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, bosi akileta lake katikati ya robo?*
Usimkatalie. Lipime mbele yake kwa kipimo kilekile, kisha mfungulie safu ya "sasa" umuulize: tutoe lipi? Mara nyingi akiona kinachotoka, anasubiri. Akishikilia, lile alilochagua litoke kweli. Kuongeza bila kutoa ndiko kunakochosha timu.

*Kusafisha msimbo (code) wa zamani hakuonekani kwa mtumiaji. Mbona RICE inaipa kazi hiyo alama ndogo daima?*
Ni kweli, na usilazimishe namba. Tenga muda wake kabla ya kupima. Sisi tunatenga siku moja kila wiki. Ila msimbo huo ukianza kuangusha mfumo, tayari unawagusa watumiaji, basi upime kama mengine.

*Tuna watumiaji 30 tu. Hesabu hizi zinatufaa?*
Bado. Wapigieni simu. Mkiongea na kumi, mtaanza kusikia tatizo lilelile likirudi, na hilo ndilo la kwanza. RICE iwekeni akiba hadi watumiaji wawe wengi kuliko mnaoweza kuongea nao.