We ni mpima ardhi au injinia na unautaka udiwani kijijini? Anza mapema, anza hivi

Kila uchaguzi ukikaribia naona vijana wetu waliosoma upimaji au uhandisi wanarudi Moshi vijijini kutafuta udiwani, na mimi nafurahi kwa kweli, maana kata za huku mlimani Kilimanjaro, Kibosho, Uru, Old Moshi, kilio chake kikubwa ni barabara, maji na mipaka, yaani vitu ambavyo hao ndo wamevisomea. Shida wengi wanatokea wakati wa fomu tu, wananchi hawawajui. Uchaguzi wa vijiji ulishapita 27 Novemba 2024, wa madiwani 29 Oktoba 2025, kwahiyo kwa mzunguko wa miaka mitano tunaongelea 2029 na 2030, muda upo.

Masharti sio magumu: uwe raia, miaka 21 au zaidi, ujue kusoma na kuandika kiswahili au kiingereza, uwe mkazi wa eneo la halmashauri hiyo, na chama kikuteue maana mgombea binafsi hatuna. So ingia kwenye chama sasa hivi, kaa kwenye vikao vya tawi, lipa ada. Na kama umeajiriwa serikalini soma kanuni za utumishi kabla hujatamka chochote hadharani.

Haya, sasa kazi yenyewe. Mipaka ndo itakujengea jina au ikumalize kabisa. Vihamba vyetu, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba na kahawa, ni vidogo, vimegawanywa toka kwa babu hadi mjukuu, na alama yake ya mpaka ni masale, ile mimea ya majani marefu, sio bikoni za zege za wapimaji. Ukija na GPS yako ukatangaza kwamba sale la mzee limekaa vibaya umeshapoteza ukoo mzima, hata kama namba zako ni sahihi, kwa sababu sale hilohilo ndo mtu anampelekea mwenzake akienda kuomba msamaha, halikupandwa ovyo pale. Fanya hivi: ita majirani wa pande zote, wazee wa ukoo, mwenyekiti wa kitongoji, muutembee mpaka mzima kwa miguu, kila sale wakubaliane wenyewe kwa mdomo mbele ya wenzao, ndo uwashe mashine uchukue pointi. Pakitokea ubishi sehemu usiamue we, peleka baraza la ardhi la kijiji, lile lina wajumbe saba na watatu lazima wawe wanawake, kusuluhisha ndo kazi yake.

Na jamani, mjane asirukwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema wazi mwanamke ana haki ya ardhi sawasawa na mwanaume. Mashemeji wakikwambia "andika tu jina la kaka mkubwa", weka kalamu chini, mwite mama mwenyewe aje aongee. Hapo kuna watu watanuna na bado ndo sahihi.

Barabara usizikague Agosti vumbi likiwa limetulia. Vaa mabuti zikague Aprili, masika imechachamaa, uone maji yanakatiza wapi, mtaro upi umezibwa na migomba, kalavati lipi dogo limezidiwa mpaka maji yanapita juu yanakula barabara. Piga picha, andika vipimo. Alafu kwenye mkutano mkuu wa kijiji usianze na maneno ya chuoni, chukua kijiti uchore chini, hapa ni kanisani, hapa ni kwa mama fulani, maji yanatokea huku yanagonga hapa, utaona wazee wanainama na wao wanashika kijiti wanakurekebisha, wanakuonyesha mfereji wa zamani uliozibwa ambao kwenye ramani yako haupo. Wasikilize, hiyo ndo data bora kuliko uliyonayo kwenye laptop.

Usiahidi greda. Barabara za vijijini ziko kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, maji ya vijijini yako kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu 2019, diwani hana greda wala bomba. Anachoweza ni kwenda na kipimo na makadirio yanayoeleweka badala ya malalamiko, na hapo injinia unawazidi wengi. Mifereji ya asili ya kumwagilia mashamba ina kamati na zamu zake, usiiguse bila hao, ila waambie ukweli kuhusu zile mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za watu za kudumu au za kuharibu chanzo humo.

Desemba watu wote wanarudi kwao huku mlimani toka Dar, mwezi mzuri wa kuchangishana kwa ajili ya daraja au zahanati. Lakini usisahau wapiga kura ni wale wanaobaki Januari. Hela za kugawa achana nazo kabisa, TAKUKURU wapo na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ipo.

Ukishinda utakuwa mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji wa kata ndo katibu. Anza na kudai mapato na matumizi ya kila kijiji yabandikwe ukutani, na fuatilia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa kwa vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, watu wa kata yako wajaze fomu mapema. Kazi za kupima viwanja kwa hela ndani ya kata yako acha, mpe mpima mwingine, na kikao kikigusa mradi wenye mkono wako sema mapema alafu toka nje wenzako waamue.