Somo: Kuitambua ransomwea na kuizuia isifunge mafaili yako

Assalaam alaykum wanachama. Somo hili nimewaandikia wenye steshenari, wapiga video za harusi, walimu wa skuli, wenye nyumba za wageni kule Paje na Jambiani, na kila mtu ambaye riziki yake imo ndani ya kompyuta moja. Mashirika makubwa yana wataalamu wao. Sisi huku hatuna wa kumwamsha usiku, kwa hiyo kinga yetu lazima iwe imeshafanywa mapema.

Ransomwea ni programu ya kihalifu inayopita kwenye diski na kusimba faili moja baada ya jengine, yaani kulivuruga lisisomeke bila ya ufunguo alionao mhalifu peke yake, kisha inadai fidia. Haikuanza jana. Mwaka 1989 ilisambazwa kwa diski za flopi zilizojifanya kutoa taarifa za UKIMWI, na aliyefungiwa alitakiwa atume dola 189 kwenye sanduku la posta nchini Panama. Siku hizi wanataka Bitcoin, na usimbaji wao umekuwa imara kiasi kwamba kubahatisha ufunguo hakusaidii.

Hatua ya 1: Jua unachokitazama

Faili lililokuwa likiitwa mtihani.docx sasa lina herufi nne za ajabu nyuma ya jina lake na halifunguki. Katika kila folda kuna faili la maandishi ambalo hukuliweka wewe, mara nyingi linaitwa _readme.txt. Hiyo ndiyo yenyewe. Kabla ya kufika hapo huwa kuna dalili ndogo: kompyuta imekuwa nzito ghafla, taa ya diski haitulii, antivirusi imezimika na hakuna aliyeizima, alama za mafaili zinabadilika huku unaziangalia. Dakika hizo ndizo za kuokoa kitu.

Lakini tusichanganye mambo. Kuna virusi vyengine vya flashi, ambavyo folda zote hugeuka kuwa njia za mkato zenye mshale mdogo, na mtu akaamini kazi yake imeshapotea. Hapo mafaili yamefichwa tu, hayajasimbwa. Safisha kwanza flashi kwa antivirusi, kisha fungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt), andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ni herufi ya flashi yako) na yatajitokeza. Inaniuma kumsikia mtu amefomati flashi yenye tasnifu yake nzima kwa jambo la kumalizika kwa mstari mmoja.

Hatua ya 2: Achana na kreki

Nasema wazi: kwa watu wa kawaida, mlango mkubwa kuliko yote ni programu zilizokrekiwa, yaani za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bure. Mtu anatafuta Office, Photoshop au programu ya kuhariri video ya bure, anapakua kreki, na maelezo yake yanamwambia azime antivirusi kwanza. Anazima kwa mkono wake mwenyewe. Familia ya ransomwea iitwayo STOP, au Djvu, imeenea dunia nzima kwa njia hii hii. LibreOffice ni bure na halali, GIMP ni bure na halali, na DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha harusi.

Hatua ya 3: Onesha herufi za mwisho za majina ya mafaili

Windows huficha herufi za mwisho za jina la faili. Kwa hiyo ankara.pdf.exe itaonekana ankara.pdf tu, nawe utabonyeza ukidhani ni hati. Fungua folda yoyote, nenda "View", kisha "Show", uweke tiki kwenye "File name extensions". Kwenye Windows 10 tiki hiyo imo ndani ya "View" moja kwa moja. Na hati ya Word iliyokuja kwa barua pepe ikikuomba ubonyeze "Enable Content" ndipo usome, ifunge.

Hatua ya 4: Usizuie masasisho kwa kuogopa bando

Najua bando ni ghali. Hata hivyo, Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu moja la usalama la Windows, mwezi Machi 2017, na tarehe 12 Mei mwaka huo ransomwea iitwayo WannaCry ikapita kwenye tundu hilo hilo, ikafunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Waliokuwa wameshasasisha hawakuingiliwa kwa tundu lile. Kumbuka pia Windows 7 iliachwa mwaka 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025.

Ukiwa hapo hapo, ingia "Windows Security", "Virus & threat protection", shuka mpaka "Ransomware protection", uwashe "Controlled folder access". Kwa kawaida huwa imezimwa. Itazuia programu isiyojulikana kubadilisha mafaili katika folda zako muhimu.

Hatua ya 5: Nakala iliyochomolewa

Ukisahau yote, shika hili. Juni 2017 programu ya NotPetya iliivamia Maersk, kampuni ya meli, jina tunalolisoma kwenye makontena kila siku. Kampuni ilibidi isimike upya seva (kompyuta kuu zinazohudumia nyengine) 4,000 na kompyuta 45,000. Seva zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa nyingi, zimetawanyika duniani, kila moja ni nakala ya mwenzake. Zote zilikuwa zimeungana kwa mtandao, zikafutika kwa pamoja. Iliyosalimika ni moja, ya ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva ikawa nje ya mtandao wakati shambulio linapita.

Wingi wa nakala haukuwafaa kitu, kilichowafaa ni ile isiyoungwa popote. Diski ya nje inayolala imechomekwa kwenye kompyuta itasimbwa pamoja nayo. Nunua mbili, uzitumie kwa zamu: Alkhamisi jioni chomeka moja, nakili, chomoa, ipeleke nyumbani, wiki ijayo ile ya pili. Na mara moja moja fungua mafaili ya ndani yake uhakikishe yanasomeka.

Hatua ya 6: Ikishaingia

Toa waya wa mtandao, zima wifi, chomoa flashi na diski zote. Ukishindwa kuitenga na mtandao, zima kompyuta. Piga picha ujumbe wa wahalifu kwa simu. Badilisha nywila zako ukitumia kifaa chengine, kwani mara nyingi mwizi wa nywila huingia pamoja na ransomwea. Toa taarifa polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Bara na Zanzibar.

Kulipa sikushauri. Unamlipa mtu asiye na ahadi, na NotPetya ilidai fidia ilhali haikuwa na njia yoyote ya kuyarudisha mafaili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwenye steshenari, Wete: Maalim, wateja wangu ni wanafunzi, kila mmoja anakuja na flashi yake. Siwezi kuwafukuza. Nifanyeje?

Jibu: Usiwafukuze, dada yangu. Tenga kompyuta moja, hata ikiwa kuukuu, iwe ya flashi za wateja tu, na mahesabu yako ya duka yasikanyage humo. Iendeshe kwa akaunti ya kawaida, si ya msimamizi. Kila flashi ipitishwe antivirusi kabla ya kufunguliwa. Wengi wanaweza kukutumia PDF kwa barua pepe au WhatsApp, nayo inapunguza flashi japo haiondoi haja ya tahadhari.

Mpiga video za harusi, Mwanakwerekwe: Yamenikuta. Video za watu sijawakabidhi, zote zina herufi nne nyuma. Wanataka dola 980, na ndani ya saa 72 ni nusu. Fundi anasema nifomati.

Jibu: Pole sana kaka. Usifomati! Bei hiyo na punguzo hilo ni mtindo wa STOP. Nakili mafaili yaliyofungwa kwenye diski nyengine uyahifadhi. Kisha tazama kitambulisho kilichomo ndani ya _readme.txt: kikiishia na t1, umefungiwa kwa ufunguo wa nje ya mtandao, yaani ufunguo mmoja uliotumika kwa waathirika wengi, na kifunguzi cha bure cha kampuni ya usalama ya Emsisoft huenda kikafanya kazi. Kipakue kupitia mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya), polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama. Hata kisipofanya kazi, bado kuna tumaini: STOP husimba kiasi cha kilobaiti 150 tu za mwanzo wa faili. Video ya gigabaiti nne karibu yote ni nzima, na zipo programu za kutengeneza mwanzo wake kwa kuazima kutoka video nyengine nzima ya kamera ile ile. Picha na hati hazina bahati hiyo. Na anayekuahidi mtandaoni kukufungulia kila kitu kwa hakika, mkimbie.

Mfanyakazi wa risepsheni, Jambiani: Nimepata barua ya Booking.com kuhusu mgeni aliyelalamika. Nikabonyeza, ukurasa ukaniambia nithibitishe kuwa mimi ni binadamu kwa kubonyeza vitufe vya Windows na R, kisha nibandike. Niliishia hapo. Niko salama?

Jibu: Umefanya vyema kuishia hapo. Ukurasa ulishakunakilia amri kimyakimya, na kubandika kungeiendesha kwenye kompyuta ya hoteli. Microsoft iliutangaza mtego huu Machi 2025, ukilenga hoteli kwa jina hilo hilo la kuigiza. Kama uliandika nywila popote, ibadilishe sasa. Kisha pitisha antivirusi, na umweleze bosi wako leo leo bila ya woga. Malalamiko ya wageni yasomeni kwa kuingia wenyewe kwenye akaunti.

Mwalimu, Chake Chake: Matokeo ya skuli naweka Google Drive, na folda yake imo ndani ya kompyuta. Si inatosha?

Jibu: Folda hiyo ikisimbwa, mafaili yaliyosimbwa yatapanda juu na kukaa mahali pa mazima. Drive huweka matoleo ya zamani ya mafaili ya kawaida kwa siku 30, kwa hiyo kwenye tovuti ya Drive bofya kulia, "File information", "Manage versions", rudisha la kabla. Kwa njia hii ni faili kwa faili, na ukigundua baada ya likizo ndefu muda umeshapita. Endelea nayo, Maalim, ila kila muhula ukifungwa nakili matokeo kwenye diski, uichomoe, na uikabidhi ofisi ya mwalimu mkuu.