Somo: Kupima Tg (joto ambalo kioo kigumu huanza kulegea) na kutulia kwa muundo kwenye kioo cha metali

Naandika kwa vijana wetu wa Tabora na Kigoma mnaokwenda vyuoni kusoma metali, mkakabidhiwa kalorimita (mashine inayochora joto linaloingia au kutoka kwenye sampuli inapopashwa) na kipande cha Vitreloy 1 (aloi, yaani mchanganyiko wa metali: zirikoni, titani, shaba, nikeli na berili).

Asali yetu ya miombo mnaijua. Ukiiacha kabatini, sukari inajipanga fuwele na asali inaganda. Ukiipoza upesi hadi nyuzi 40 hivi chini ya sifuri, inakakamaa kuwa kioo bila fuwele. Metali nazo hufanya hivyo. Mwaka 1960 Pol Duwez na wenzake huko California walipata kioo cha dhahabu na silikoni kwa kupoza karibu nyuzi milioni moja kwa sekunde. Vitreloy 1, iliyotangazwa 1993, inahitaji nyuzi moja hivi tu kwa sekunde.

Nasisitiza jambo moja: Tg si namba iliyogongwa muhuri kwenye aloi. Inategemea sampuli ilipozwaje na unaipasha kwa kasi gani. Atomi zilinaswa kabla hazijakaa vizuri. Ukizipasha chini ya Tg zinasogea kidogo kidogo, zinabanana, na joto linatoka. Huko ndiko kutulia kwa muundo.

Hatua ya 1. Kata miligramu 10 hadi 20 kwa msumeno wa almasi wa mwendo mdogo, maji yakitiririka. Usitumie tupa kavu kamwe! Vumbi la berili huharibu mapafu, na madhara yake yanaweza kujitokeza miaka mingi baadaye.

Hatua ya 2. Sawazisha mashine kwa indi (inayeyuka 156.6°C) na zinki (419.5°C). Pitisha gesi ya agoni muda wote.

Hatua ya 3. Pasha kwa nyuzi 20 kwa dakika hadi 390°C, kisha simama. Tg iko karibu na 350, fuwele zinaanza baada ya 420. Kwenye sampuli mpya utaona mstari ukiinama upande wa kutoa joto kabla ya Tg. Hilo ndilo windo lako. Ile iliyokaa muda mrefu kwenye joto chini kidogo ya Tg haiinami hivyo, ila inatoa kilele cha kufyonza joto pale pale kwenye Tg.

Hatua ya 4. Poza kwa nyuzi 20 kwa dakika, pasha tena vilevile. Sasa historia ya zamani imefutika, umeandika mpya unayoijua.

Hatua ya 5. Toa mstari wa upashaji wa kwanza kwenye ule wa pili. Eneo kati yao ni tofauti ya joto lililohifadhiwa kwenye vioo viwili: kile ulichoanza nacho na kile ulichopoza upya.

MASWALI

Urambo: Shikamoo mwalimu. Kama aloi inataka nyuzi moja kwa sekunde, kupoza kwa 20 kwa dakika si kutaleta fuwele?

Jibu: Marahaba. Ile kasi ni ya kushuka kutoka kwenye myeyuko, kupita eneo la nyuzi 600 hivi ambako fuwele huota haraka kuliko kwingine. Wewe unaanzia 390, atomi zimeshakuwa nzito kutembea. Usikawie tu hapo juu.

Kigoma: Mwalimu, ukanda wangu wa kioo cha chuma na boroni ulikuwa unakunjika. Nimeupasha, sasa unakatika. Nimeuharibu?

Jibu: Pole dada. Atomi zimebanana, nafasi za kuserereka zimepungua, na aloi za chuma huumia sana kwa hilo. Ila kwenye viini vya transfoma upashaji huo hufanywa makusudi: unaondoa mikazo na kupunguza nishati inayopotea. Kama unapima sumaku, endelea nao.

Nzega: Kwa nyuzi 20 kwa dakika nimepata 352, mwenzangu kwa nyuzi 5 kapata 343. Nani kakosea?

Jibu: Hakuna. Ukipasha polepole atomi zinapata muda, zinalegea mapema. Andikeni kasi ya kupasha kando ya kila Tg, na ile ya kupoza iliyotangulia.