Somo: Kuchagua gundi ya kupachikia freti kwenye gitaa lililotengenezwa kwa mkono

Fundi anayetengeneza gitaa lake la kwanza hapa Tabora kwa kawaida huniuliza ni gundi ipi iliyo kali kuliko zote, nami humwomba kwanza anioneshe mifuo aliyoikata, yaani vijia vyembamba vya kuingizia freti kwenye ubao wa freti, ule unaokaa juu ya shingo. Freti, yaani kile kipande cha waya kinachokatiza shingo, haishikwi na gundi. Chini ya mgongo wake wa mviringo, ambao juu yake uzi hubonyezwa, kuna ulimi mwembamba wenye vijino pande zote mbili, na vijino hivyo ndivyo vinavyouma mbao ikiwa mfuo una upana unaostahili. Gundi huja kujaza nafasi ndogo inayobaki, kuzuia ncha za freti zisinyanyuke, na kuziba uwazi unaomeza sauti. Kwa hiyo huchaguliwa kwa kuangalia mfuo ulivyo, na vilevile kwa kufikiria siku ambayo freti itang'olewa, maana nyuzi za chuma huila freti, na gitaa linalopigwa kila wiki halina budi kubadilishiwa freti siku moja.

Hatua ya kwanza: pima mfuo

Waya wa freti wa kawaida una ulimi wenye unene wa karibu milimita 0.5, na ukiupima pamoja na vijino unafika karibu milimita 0.8. Mfuo wake hukatwa kwa upana wa karibu milimita 0.6. Wengi wetu hatuna msumeno mahususi wa freti, hivyo tunatumia ule wa kukatia chuma, ambao unene wake unakaribia kabisa kipimo hicho, lakini meno yake yamepindwa kulia na kushoto, na kwa sababu hiyo hukata mfuo mpana kuliko unene wenyewe. Sugua meno hayo kwenye jiwe la kunolea, upande huu na upande ule, mpaka ule mpindo uishe. Kisha kata mfuo wa majaribio kwenye kipande cha mbao ileile ya ubao wako wa freti, na ugonge waya ukiwa mkavu, bila gundi yoyote. Ukiingia kwa nyundo na kukataa kutoka kwa vidole, mfuo ni mzuri. Ukiingia kwa kusukumwa na dole gumba, mfuo umepanuka, na hapo uchaguzi wa gundi unabadilika kabisa.

Hatua ya pili: andaa mbao

Mninga hausumbui. Mpingo, ambao ni mzito kiasi cha kuzama majini, una mafuta yanayoweza kuizuia gundi isishike, kwa hiyo futa mifuo kwa kitambaa chenye asetoni muda mfupi kabla ya kazi. Mpingo pia hubanduka vipande kwenye kingo za mfuo, hivyo pitisha tupa ya pembe tatu mara moja au mbili, kwa wepesi, ili kingo zisiwe kali. Baada ya hapo paka nta ya nyuki juu ya ubao, kandokando ya mifuo, ili gundi itakayomwagika isigande pale. Nasi watu wa Tabora hatuna kisingizio cha kukosa nta. Ila nta isiingie ndani ya mfuo hata chembe, na kama ubao utapakwa vanishi baadaye, tumia tepu ya karatasi badala yake.

Hatua ya tatu: chagua

Mfuo ukiwa na kipimo sahihi, mimi hutumia gundi nyeupe ya seremala. Inapokuwa bado mbichi hulainisha njia ya ulimi, na maji yake huvimbisha mbao kidogo ili ivikumbatie vijino. Inayozidi hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu, na miaka ikipita hulegea kwa joto bila kubandua mbao. Ubaya wake ni kwamba maji hayohayo, yakiwekwa kwa wingi katika mifuo zaidi ya ishirini, huweza kuisukuma shingo ipinde kwa nyuma. Mstari mwembamba ndani ya mfuo unatosha.

Supagluu nyepesi kama maji hutumika kwa namna nyingine: freti hugongwa kwanza, kisha tone dogo huwekwa kwenye ncha ya mfuo pembeni mwa shingo, nalo hunywewa lenyewe hadi ndani. Inafaa sana kwa freti moja iliyonyanyuka ncha. Hata hivyo hutia doa kwenye mbao nyeupe, mvuke wake huwasha macho, na jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba ikimwagika kwa wingi kwenye pamba au nguo ya pamba hupata joto kali la kuweza kuunguza ngozi. Usiifute kwa pamba. Mimi niliwahi kununua chupa iliyokaa sana dukani, ikawa nzito kama uji, ikagandia mdomoni mwa mfuo bila kuteremka, na freti zote sita nilizozimiminia zikalia kama debe tupu.

Mfuo uliopanuka unahitaji gundi ya kuchanganya ya mirija miwili, ambayo wengi huiita Araldite hata ikiwa ya kampuni nyingine. Hiyo ndiyo inayojaza nafasi bila kunywea. Chagua ile inayokauka polepole, kwa sababu ya dakika tano itakugandia ukiwa freti ya tatu, kisha bana kila freti kwa ubao na kibano mpaka kesho yake.

Gundi ya viatu na godoro usiitumie kamwe, kwani hubaki kama mpira na freti huchezacheza juu yake.

Hatua ya nne: gonga

Anza ncha zote mbili, kisha katikati. Futa kabla hujahamia freti inayofuata.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Mimi niko Urambo, waya wa freti sijaupata, ninatumia spoku za baiskeli. Gundi ipi inafaa?*

Marahaba, kijana wangu. Spoku ni ya duara, yenye unene wa karibu milimita 2, haina ulimi wala vijino, kwa hiyo hapa ndipo gundi inaposhika kweli. Chimba mfuo wa mviringo wenye kina cha nusu ya spoku, ikwaruze kwa msasa upande wa chini, ifute mafuta, halafu tumia gundi ya mirija miwili. Gundi nyeupe haitashika chuma kile.

*Mzee wangu, gitaa nililotengeneza Ujiji wakati wa mvua lilikuwa safi, lakini tangu nilifikishe Tabora mwezi wa nane, ncha za freti zinachoma mkono. Je, nilikosea gundi?*

Hukukosea gundi, ndugu yangu. Mbao ilikuwa na unyevu wa mwambao wa ziwa, imekauka huku kwetu na kusinyaa, ilhali chuma hakisinyai. Piga ncha tupa taratibu, na safari ijayo iache mbao ndani kiangazi kizima kabla ya kukata mifuo. Ukiona ncha fulani imenyanyuka baada ya hapo, tone moja la supagluu litaimaliza.

*Fundi, ninawezaje kung'oa freti zilizowekwa kwa supagluu bila kuharibu ubao wa mpingo?*

Azima kile chuma cha kulehemu risasi cha fundi redio, kigusishe juu ya mgongo wa freti mpaka ipate joto sawasawa, dirisha likiwa wazi. Kisha ingiza ncha za koleo bapa chini ya mgongo, uanzie pembeni, ubane na kusogea kidogokidogo bila kuvuta juu kwa nguvu. Kipande cha mpingo kikibanduka usikitupe. Kirudishe palepale kwa tone la supagluu kabla hakijapotea kwenye vumbi la karakana.