Kompyuta kuukuu ya Linux? Iendeshe bila madirisha

Kama kompyuta yako ya Linux inasuasua kwa uhaba wa memori, jaribu kuiendesha kwa maandishi matupu, yaani kwa kuandika amri tu, bila madirisha ya picha. Kwenye mifumo yenye systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo), andika `sudo systemctl set-default multi-user.target` kisha iwashe upya. Hakuna kinachofutwa, siku ukiyataka tena madirisha, ni amri ileile ikiishia na `graphical.target`.

Wengi huhofia kubaki na skrini moja. Wala! Alt+F2, Alt+F3 na kuendelea hukupa skrini nyingine, kila moja unaingia kivyake. Hata hivyo, sakinisha mapema tmux, programu inayotunza maandishi na kazi zako za skrini. Tangu kerneli (kiini cha Linux) 5.9 ya mwaka 2020, Shift+PageUp hairudishi tena maandishi yaliyopita juu ya skrini, kero kubwa kwelikweli. Ndani ya tmux unabonyeza Ctrl+b kisha PageUp, unayasoma. Na ukiwa umeingia kutoka kompyuta nyingine kwa ssh (njia salama ya kuingia kupitia mtandao), mtandao ukakatika, kazi uliyoianza ndani ya tmux haifi: ingia tena, andika `tmux attach`, utaikuta ikiendelea.

Wi-Fi nayo? Kama NetworkManager (programu ya kusimamia mtandao) ipo, andika `nmtui`, uchague kwa vitufe vya mishale.