Ampli inaunguruma? Geuza transfo kwanza mbele ya kununua kondansateri

Hapa Bukavu karibu kila korali iko na ampli yenye kufanya "mmmm" chini ya wimbo, na fundi akifika, hata haijafunguliwa, anasema kondansateri (zile zenye kuchunga kura, ni kusema umeme, na kuilainisha) zimekufa. Pengine ni kweli, lakini sikiliza kwanza.

Toa bafle (spika). Transfo yenyewe, ile yenye kubadilisha voltaji, ikiendelea kulia, ile ni chuma yake inatetemeka, basi kaza vise na weka kawuchu chini. Pima na voltaji, juu kura ikipanda sana kupita volti 220 transfo inashiba sumaku na kelele inaongezeka. Ampli zingine za Marekani zilitengenezewa kura ya 60 Hz (mitetemo 60 kwa segonde), ya kwetu ni 50, njo maana zinaweza kulia na kupata moto hata kama umeshusha voltaji mpaka 120.

Kama mlio inatokea mu bafle, shusha volime mpaka zero. Ikikufa, inaingilia mbele, mu gitare ao mu kable: mpiga gitare asogee mbali na ampli, ageuke kidogo, utasikia mwenyewe. Ikibakia, sikiliza sauti yake: ya kukwaruza, 100 Hz, hapo kweli kondansateri za kuchuja ziko na kesi, lakini ya chini na laini, 50 Hz, mara mingi ni sumaku ya transfo inaingia mu nyaya za karibu.

Dawa ya ile haiuzwe. Chomoa prizi, ngojea, pima kondansateri na multimetri mpaka ziishe, juu zinaua hata kama hakuna kura. Legeza vise, geuza transfo kidogo, kaza, washa, sikiliza, kisha zima na urudilie mpaka upate fasi yenye mlio inashuka, na utashangaa vile robo ya mzunguko tu inabadilisha kitu. Kama kuna nafasi, isogeze mbali na mlango wa kuingilia sauti, juu umbali ukiwa mara mbili, sumaku inapungua karibu mara nane. Nyaya za kura uzisokote pamoja, na zikipita juu ya za sauti zikate msalaba.

Kuna wenye kufunga transfo na karatasi ya aluminiumu ya jikoni, bure kabisa, kwa 50 Hz inapita tu. Weka tole ya chuma katikati ya transfo na nyaya za sauti. Na kama ni torike, ile ya mviringo, vise ya katikati isiguse sanduku juu na chini pamoja, inafanya mzunguko mfupi na transfo inaungua.

Waya ya masi ya prizi (yenye kwenda mu udongo) usiikate hata kama mlio inaisha, siku kura ikigusa sanduku, mwenye kushika mikro njo atailipa.