Wahamiaji wapya wa viungani kwa takwimu za sensa: mfano wa Kaunti ya Montgomery, Maryland

Anayetaka kujua wahamiaji wapya wa viunga vya Washington, kama Kaunti ya Montgomery, wamekaa wapi hukimbilia sensa ya 2020, akarudi mikono mitupu. Fomu ya sensa ile haikuuliza mtu kazaliwa wapi wala kaingia Marekani lini. Maswali hayo yamo kwenye ACS (American Community Survey), utafiti ambao Ofisi ya Sensa huufanya mwaka mzima kwa sampuli ya anwani kama milioni 3.5. Kwa hiyo kila namba utakayoshika hapa ni makadirio yenye kosa lake, na kosa hilo ndilo litakalokuambia useme nini na unyamaze wapi.

Hatua ya 1: Amua "mpya" ni nani

Usiliachie jedwali likuamulie. Katika B05005, jedwali la ACS la mwaka wa kuingia, kwa kipindi cha 2019–2023, kundi la karibuni kabisa ni la walioingia 2010 au baada ya hapo. Aliyefika 2010 ana miaka 13 nchini ifikapo 2023, huyo ni mwenyeji.

Jedwali B07007 linakaribia zaidi, kwani linahesabu waliokuwa wakiishi nje mwaka mmoja kabla ya kuhojiwa. Chukua mstari wa waliozaliwa nje wasio raia. Ukichukua jumla yote, utakuwa umebeba Wamarekani waliorudi nyumbani, wanajeshi, hata waliotoka Puerto Rico.

Jambo moja limejificha kwenye swali lenyewe: aliyekuja kuishi Marekani zaidi ya mara moja anatakiwa kuandika mwaka wa mwisho. Aliyefika 1998, akarudi Nairobi, akaja tena 2019, kwenye data ni mgeni wa 2019.

Hatua ya 2: Weka mipaka

Kwenye data za sensa kila kaunti ina msimbo wake: Montgomery ni 24031, jirani yake Prince George's 24033. Ukivuka mto Potomac kwenda Virginia, angalia: majiji ya huko yako nje ya kaunti. Kaunti ya Fairfax (51059) haina Alexandria (51510) ndani yake, na ukiisahau Alexandria, ramani yako itakuwa na tundu.

Silver Spring nayo huchanganya watu. Haina serikali yake ya mji. Mipaka inayotumika kwenye takwimu imechorwa kwa ajili ya sensa, na ni midogo kuliko eneo ambalo barua zake zimeandikwa "Silver Spring". Fanya kazi kwa trakti, vipande vya watu wapatao 4,000, kisha viunganishe mwenyewe.

Hatua ya 3: Pakua

Nenda data.census.gov, tafuta B05006, jedwali la nchi za kuzaliwa. Kwa trakti chagua makadirio ya miaka 5. Ya mwaka 1 hutolewa tu kwa maeneo yenye watu 65,000 na zaidi. Safu zinazoishia na E ni makadirio, za M ni ukingo wa kosa. Usizifute za M.

Msimbo wa trakti ni herufi 11 za mwisho za GEO_ID. Safu ya msimbo huo ifungue kama maandishi, la sivyo Excel itaigeuza namba, mfano 2.4E+10, na ramani haitaungana na jedwali. Ukiona -555555555 kwenye safu ya M, usishtuke: makadirio hayo yamefungwa kwenye jumla rasmi, weka sifuri. Ila -666666666 kwenye safu ya E maana yake sampuli haikutosha. Hiyo iache wazi.

Hatua ya 4: Pima kosa

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Chukua namba za mfano tu: trakti moja ina watu 240 waliozaliwa Ethiopia, ukingo 130. Ukingo huo ni wa uhakika wa asilimia 90, basi ugawe kwa 1.645 upate kosa sanifu, 79. Gawa 79 kwa 240: asilimia 33. Namba ya hivyo haifai kupakwa rangi kwenye ramani.

Unganisha na jirani zake wawili, wa 310 (ukingo 150) na 180 (ukingo 120). Jumla ni 730. Kingo hazijumlishwi hivihivi. Zipandishe kila moja kipeo cha pili, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo: 232. Kosa sanifu linakuwa 141, sawa na asilimia 19 ya 730. Sasa unaweza kusema kitu, kwa tahadhari. Trakti nyingi zikiwa na sifuri, ukingo wa sifuri uhesabu mara moja tu, la sivyo kosa litavimba bila sababu.

Hatua ya 5: Rekodi za mtu mmoja mmoja

Kwa "miaka 5 tangu aingie" majedwali hayatoshi. Pakua PUMS, faili la ACS lenye majibu ya mtu mmoja mmoja bila majina. Eneo dogo kabisa humo huitwa PUMA, lenye watu wasiopungua 100,000, kwa hiyo sahau mtaa. Mwaka wa kuingia ni YOEP, nchi ya kuzaliwa POBP, uzito (idadi ya watu ambao rekodi moja inawawakilisha) PWGTP. Kwenye faili la miaka 5, mwaka wa mahojiano ni tarakimu nne za mwanzo za SERIALNO, namba ya rekodi ya kaya. Toa YOEP kwenye huo, si kwenye 2023 kwa wote. Kosa likokotoe kwa nakala 80 za uzito zilizomo kwenye faili, PWGTP1 hadi PWGTP80.

Hatua ya 6: Linganisha miaka

Linganisha vipindi visivyopandana: 2014–2018 na 2019–2023. Mipaka ya trakti ilibadilika 2020, hivyo tafuta kwanza faili la kuoanisha trakti za zamani na mpya. Zilizogawanywa zirudishe pamoja kabla ya kutafuta tofauti.

Kwa anayetafuta Waswahili

B16001, jedwali la lugha ya nyumbani, inaiweka lugha yetu kapu moja na lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini, na haihesabu walio chini ya miaka 5. Kwenye PUMS, LANP, safu ya lugha, inakitenga Kiswahili. Nchi ya kuzaliwa peke yake itakudanganya: mtoto wa Wakongomani aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, huandikwa Tanzania. Weka POBP, LANP na asili ya mtu, ANC1P, kwenye jedwali moja, uone "Watanzania" wangapi wamejiandika Wakongomani.